Mkono Uliomchezesha Bwana Kofia

Ukimuuliza Mama Kaliza duka la vifungo liko wapi, atakuelekeza kwa kidole cha kati. Kile cha shahada atakuwa amekikunja kiganjani, kimetulia kama hakipo. Sisi wa Gisimenti, hapa Kigali, tumeshazoea, lakini wageni hawajui. Nimewahi kumwona kijana mmoja wa benki, Bruce, amekuja kupunguziwa suruali. Akauliza choo, akaonyeshwa kwa kidole kile, akasimama ameduwaa, hajui acheke au anune. Nikamwambia, "Nenda tu, Bruce, choo kiko huko huko. Mama hana ugomvi na wewe."

Jina lake ni Mukasine; Kaliza ni binti yake. Ana miaka sitini na saba, anakaa Kibagabaga nyuma ya hospitali, na cherehani yake iko barazani Gisimenti, kati ya kinyozi na muuza chipsi. Anashona mapazia na majoho ya kwaya. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda mwaka tisini na tano na watoto wawili na cherehani hiyo hiyo juu ya lori. Chaki ya kushonea anaishika kwa gumba na kidole cha kati, kikombe cha chai hivyo hivyo, hata rozari. Nilikuwa mteja wake miaka minne kabla sijamuuliza kidole kile kina nini. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini ana pua.

"Hakina kitu," akasema. "Baba alituzoesha hivyo."

Nikadhani ni mambo ya malezi, nikaachana nayo. Mimi naitwa Njeri, ni Mkenya, na nina haraka na kila kitu. Ndiyo kasoro yangu, mama yangu mzazi alinieleza mapema, na ndiyo iliyoleta haya yote.

Nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya maonyesho kule Kacyiru. Kazi yangu ni kutafsiri maelezo kwa Kiswahili, yale yanayobandikwa ukutani pembeni ya kila kitu. Mwaka huu tuliazimwa vikaragosi viwili kutoka makumbusho moja ya Uingereza. Vilikuwa vya gari la serikali ya kikoloni lililozunguka Bukoba na Karagwe miaka ya hamsini, likiwafundisha watu kupogoa kahawa na kuchimba vyoo kwa njia ya kuwachekesha. Kimoja kinaitwa Bwana Kofia, mzungu wa mti mwenye helmeti nyeupe na masharubu. Kingine ni Mzembe, mkulima asiyepogoa. Katika mchezo, Bwana Kofia anakagua shamba, anamcharaza Mzembe bakora tatu, Mzembe anapata akili. Mwisho.

Kibandiko nilikitafsiri asubuhi moja huku nakula chapati. Kilisema: "Vikaragosi hivi vilibuniwa, kuchongwa na kuchezeshwa na Bwana Fenner, afisa wa habari, akisaidiwa na mtumishi mwenyeji. Kichwa cha Bwana Kofia kimelegea upande mmoja kwa sababu ya uchakavu." Chini yake maneno ya Fenner mwenyewe kutoka kwenye ripoti yake: "Kila niliposoma somo la kahawa, wenyeji walicheka kwa furaha isiyo kifani. Nadhani wameelewa."

Mtumishi mwenyeji. Niliyaandika maneno hayo bila hata kupepesa jicho, nikajifuta mafuta ya chapati, nikaenda kwenye kibandiko kingine.

Maonyesho yalikuwa yafunguliwe siku ya Ijumaa saa kumi alasiri. Kulikuwa na kibanda cha mbao, mfano wa kile cha zamani, na kilihitaji pazia jeusi. Nani mwingine ningemwita? Saa sita mchana Mama Kaliza alifika juu ya moto, pikipiki ya abiria, nje ya lango letu, kamkumbatia dereva kwa mkono mmoja na robota la kitambaa kwa mwingine, helmeti ya abiria imemziba hadi kwenye nyusi. Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho cha siku hiyo mpaka jioni.

Alitundika pazia kwa nusu saa, pini midomoni. Kisha akageuka kutafuta mkasi wake, akamwona Bwana Kofia. Alikuwa amesimamishwa kwenye kijiti ndani ya sanduku la kioo, mlango wake bado wazi kwa ajili ya taa. Mama Kaliza akatoa pini moja moja midomoni, akazichoma kwenye kola yake. Akasogea. Hakugusa kitu. Alisimama pale muda mrefu hata nikaanza kuogopa kwamba presha imempanda.

"Mama, vipi? Nikuletee maji?"

"Huyu hajalegea," akasema. "Analala."

Kisha akasoma kibandiko. Anasoma polepole, midomo inatembea. Niliona ilipofika kwenye mtumishi mwenyeji, kwa sababu midomo ilisimama. Akarudia mstari ule tangu mwanzo.

"Njeri mwanangu. Nani ameandika hivi?"

Ningeweza kusema ni watu wa Ulaya. Ulimi ulikuwa unaelekea huko. "Kiswahili ni changu, mama," nikasema.

"Huyo mtumishi alikuwa na jina. Aliitwa Silvère. Ni baba yangu."

Basi nikaketi sakafuni na yeye akaketi juu ya robota lake, akanieleza. Silvère alitoka Rwanda kwa miguu akiwa kijana, kwenda kutafuta kazi ya kahawa Bukoba, kama wengi wa wakati wake. Mashine ya kukoboa ikamla kidole cha shahada cha mkono wa kulia, chote, hadi kwenye kiganja. Kwa kuwa hakuweza tena kazi ya mashine, akapewa kazi ya kuosha gari la Fenner. Lakini Silvère alikuwa mchongaji. Fenner alitaka vikaragosi, Silvère akavichonga, na kwa kuwa Fenner hakuweza kukaa ndani ya kibanda kwa joto, Silvère ndiye aliyevichezesha huku Fenner akisoma nje: Mzembe mkono wa kushoto, Bwana Kofia mkono wa kulia. Safari hizo zilikoma mwaka aliozaliwa Mukasine. Vikaragosi vikaondoka na Fenner. Silvère akabaki Karagwe, akawachongea watoto wake vingine, akawafundisha mchezo. Kabla ya kumfundisha mtoto alichukua uzi wa kitambaa, akamfunga kidole cha shahada kiganjani, kisha akatoa amri moja: kidole hakifunguliwi mpaka mchezo uishe. Hata kama njaa inauma, hata kama mvua inanyesha.

"Mchezo mwingine ulichukua siku mbili," akasema. "Nilikuwa nalala nacho kimefungwa. Baba alikufa nikiwa na miaka ishirini na tatu. Hatuna picha yake hata moja, Njeri. Vitu vyetu vyote nilivyoacha Karagwe vimeliwa na mchwa. Nilijua wale wawili wapo mahali. Sikujua kama nitawaona."

Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Jina lake liandikwe. Leo, kabla hawajaingia watu. Sitaki kingine."

Nilienda kwa Rwema. Rwema ndiye mkubwa wangu, mtoto wa Kampala, mtu mwema ila anaogopa karatasi kuliko anavyoogopa simba. Nilimkuta anahesabu viti.

"Oya, hapana, Njeri," akasema kabla sijamaliza. "Hii vitu si yetu. Iko ya watu. Tuliweka sahihi. Kubadilisha hata neno moja lazima wenyewe wakubali. Wageni iko wanafika saa kumi, sasa hivi ni saa nane kasoro, na wewe unaniletea story ya fundi wa mapazia?"

"Basi nimuulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Daktari Hallam, aliyevisindikiza vikaragosi kutoka Uingereza. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake alikisomea Dar es Salaam na kwa kweli ni safi kuliko changu, jambo lililoniudhi tangu siku ya kwanza. Miaka kumi na moja alikuwa anaandika kitabu juu ya Fenner. Alimsikiliza Mama Kaliza mpaka mwisho, amesimama, mikono nyuma. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

"Naomba unielewe, mama," akasema. "Kila ninakokwenda nakutana na mtu ambaye babu yake alifanya kitu. Huenda ni kweli. Lakini ninahitaji ushahidi. Una barua? Mkataba? Picha?"

"Sina."

"Basi nitakwambia nitakachofanya. Nikirudi nitaandika ombi, wataalamu watachunguza. Miaka miwili, pengine mitatu."

"Nina miaka sitini na saba, muzee," akasema Mama Kaliza. "Nikuulize swali moja. Umeshamvaa?"

"Nani?"

"Bwana Kofia. Umeshamwingiza mkono?"

Hallam akatabasamu kidogo. "Hakuna aliyemvaa kwa zaidi ya miaka sitini. Mti umekauka. Hatumgusi bila glavu, na hata kwa glavu ni kumwinua tu."

"Basi hujui yaliyomo ndani. Mimi nitakwambia. Mzembe ana tundu moja shingoni, kama kikaragosi chochote. Bwana Kofia ana mawili. La kidole cha kati, na la kidole cha pete. La pete ni fupi, ndiyo maana kichwa kinaelemea huko. Na mabega yake ni kipande kimoja cha mti. Kuna njia ya gumba, na njia ya kidole kidogo. Ya kidole cha shahada hakuna. Baba hakuichonga, angeichongea nini?"

Tabasamu lilimtoka. Akageuka akaniangalia mimi, macho makali. "Amemgusa?"

"Hajamgusa. Nilikuwa hapa muda wote."

"Tundu la pili halimo katika maandishi yoyote," akasema polepole, kama anajisemea. "Wenzangu walitaka kuliziba. Walisema limetobolewa na wadudu. Mimi ndiye niliyewakataza."

"Mungu akubariki," akasema Mama Kaliza. "Sasa niache nimvae."

Hapo ndipo uso wa Hallam ulipofunga. Nimeuona uso ule kwa maafisa wengi, si wazungu tu. Ni uso wa mtu anayetaka kukubali na hajui atamweleza nani. Mti ukipasuka? Jasho? Bima? Akasema hapana, samahani sana, hapana, akaondoka kwenda kubadilisha shati. Mama Kaliza akarudi kwenye robota lake, akaketi. Hakulia wala hakulalamika. Alianza tu kukunja kitambaa kilichobaki.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Magari yalikuwa yameanza kuegeshwa nje. Mukunde, binti wa mapokezi, alikuwa mlangoni na orodha ya majina, anachungulia ndani kuuliza kama afungue. Nikaenda ukutani, nikaingiza kucha chini ya kibandiko changu mwenyewe, nikakibandua. Kilitoka na kipande cha rangi.

"Njeri!" Rwema alivuka ukumbi kwa hatua nne. "Umerogwa? Rudisha hiyo kitu."

"Sirudishi. Ni uongo, na niliuandika mimi."

"Rudisha, ama Jumatatu usije."

Nilitaka kumjibu kishujaa, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kazi ile naipenda, na kibali changu cha kuishi Kigali kinategemea kazi ile. Nikakishika kibandiko kifuani kwa mikono miwili. Hallam alirudi akatukuta hivyo: mimi na karatasi, Rwema amenyoosha mkono, ukuta mtupu wenye jeraha jeupe pembeni ya sanduku la kioo. Juu ya jeraha lile ilibaki picha ya Fenner, ameshika helmeti yake mbele ya gari. Hallam akaitazama picha. Nadhani alikuwa ameitazama mara elfu. Safari hii aliinama karibu, na nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anahesabu vidole.

Kumi. Vyote kumi vilikuwa pale, vimeshika ukingo wa helmeti.

Akafungua sanduku. Akavaa glavu, akamtoa Bwana Kofia kwenye kijiti, kisha Mzembe. "Dakika tano, mama," akasema, na sauti haikuwa yake. "Tafadhali. Dakika tano tu."

"Hakuna dakika," akasema Mama Kaliza. "Ni mchezo mpaka uishe."

"Daktari, wageni iko mlangoni!" akasema Rwema.

"Waingie."

Mama Kaliza alikata utepe kutoka kwenye pindo la pazia. Akanipa mkono wa kulia. "Nifunge, mwanangu. Kaza." Nikamfunga kidole cha shahada kiganjani, na kilikwenda chenyewe kama mtoto anayejua kitanda chake. Akachukua vikaragosi viwili, akaingia nyuma ya pazia. Wageni wakaingia, watu hamsini hivi, suti na mishanana, yale mavazi ya sherehe ya akina mama wa Rwanda, wakasimama mbele ya kibanda wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Kutoka ndani tukasikia sauti yake:

"Yule bwana mzungu asimame mbele. Asome zile karatasi za Fenner. Atupe mgongo."

Hallam alikuwa na ripoti ya Fenner mfukoni, kwa ajili ya hotuba yake. Akasimama mbele ya kibanda, akatukabili sisi. "Mkulima mvivu," akasoma, "ni adui wa nchi yake."

Juu ya ukingo akatokea Mzembe, anatazama huku na huku. Kisha Bwana Kofia akapanda. Na hakuna kilichotokea. Alisimama tu, wima, kichwa hakisogei. Mama Kaliza ana baridi yabisi. Asubuhi za mvua hata uzi hawezi kuutunga kwenye sindano. Nilisikia pumzi yake nyuma ya kitambaa, fupi fupi. Nikasikia mti ukilia, mlio mdogo, kama mlango wa kabati. Hallam naye alisikia, mabega yakamruka, akataka kugeuka.

"Usigeuke!" ikasema sauti. "Fenner hakugeuka hata siku moja. Soma."

Akameza mate. "Kahawa isiyopogolewa huzaa matunda madogo..."

Kichwa cha Bwana Kofia kikainama mara moja, kwa heshima. Kikainama tena. Kisha, taratibu, kikaanza kuelemea upande, kikazinduka, kikaelemea tena, hasa kama mtu anayepigana na usingizi kanisani wakati wa mahubiri. Helmeti ikatua begani kwa Mzembe. Alikuwa amelala fofofo. Mzembe akatutazama, akatazama helmeti, akatutazama tena.

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Kisha ukumbi mzima.

Hallam alipaza sauti, kama msomaji yeyote anavyofanya akisikia kelele. Kadiri alivyopaza sauti ndivyo Bwana Kofia alivyolala. Mzembe akamfunika na kipande cha kitambaa cheusi, akampapasa mgongoni kama mtoto mchanga, akaanza kuchuma kahawa zake kwa amani. Bwana Kofia akashtuka, akacharaza bakora tatu hewani, zote zikakosa, akalala tena kabla ya kumaliza ya tatu. Mama mmoja mwenye mshanana wa zambarau alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa chake cha begani. Rwema, Rwema mwenyewe, alikuwa ameshika kiti asianguke.

Na Hallam akafika kwenye mstari ule. Niliuona unamjia. "Kila niliposoma somo la kahawa," akasoma, "wenyeji walicheka..." Akasita. Kicheko kilikuwa kinamfikia usoni, watu hamsini, na yeye hajui wanacheka nini. Akatutazama sisi. Akatazama karatasi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akamaliza kwa sauti ndogo sana: "...kwa furaha isiyo kifani. Nadhani wameelewa."

Kisha akakunja karatasi, akageuka, akaona.

Alitazama mchezo mpaka mwisho akiwa amesimama upande wetu, na mwisho wenyewe ni Mzembe kumbeba Bwana Kofia mgongoni na kumpeleka nyumbani akalale. Watu walipiga makofi. Hallam akazunguka nyuma ya pazia, nami nikamfuata, nikiwa bado nimekumbatia kibandiko changu. Mama Kaliza alikuwa ameketi kwenye ndoo, jasho linamtiririka, Bwana Kofia mkononi, mzima, hana ufa.

"Naweza kujaribu?" akauliza Hallam. Akavua glavu.

Akaingiza mkono. Kidole cha kati kikapata tundu lake, cha pete kikapata lake, gumba likapita, kidole kidogo kikapita. Cha shahada kikagonga mti. Akajaribu kukipindisha, kikagonga tena. Hakikuwa na pa kwenda. Akabaki amekitazama kidole chake kimesimama nje kama mgeni asiyealikwa.

"Lete," akasema Mama Kaliza. Akamtoa kikaragosi, akachukua utepe mwingine, akamfunga. Alikaza kweli kweli, mpaka Hallam akakunja uso. Akamrudishia Bwana Kofia. Hallam akajaribu, na kichwa kikaelemea, vibaya, kwa mikwaruzo, lakini kikalala. Akavuta pumzi ndefu.

"Miaka kumi na moja," akasema. Halafu akaniambia, "Njeri, una kalamu?"

Nikampa kalamu, na nikampa kibandiko, upande wa nyuma ulio mtupu. Akaweka kikaragosi chini, akaanza kufungua utepe kwa meno.

"Oya," akasema Mama Kaliza. "Mchezo haujaisha."

Hallam akauacha utepe. Kisha akaishika kalamu kwa gumba na kidole cha kati, jinsi yule mama anavyoshika chaki, akaandika juu ya goti. Herufi zilitoka kubwa na mbovu, zinapanda na kushuka. "Vimechongwa na kuchezeshwa na," akaandika, akasimama. "Jina lake kamili?"

"Silvère," akasema Mama Kaliza. "Aliitwa Silvère tu. Andika na hivi: baba yake Mukasine."

Tulikibandika ukutani sisi watatu, mbele ya watu wote, juu ya lile jeraha la rangi. Rwema alileta gundi mwenyewe, akasema kwamba Jumatatu nije mapema, kuna karatasi nyingi za kuandika kueleza jambo hili. Kibandiko kilikaa pale majuma matatu, hatukukipiga chapa, na vikaragosi vilipofungwa kurudi kwao Hallam alikiweka ndani ya sanduku kwa mkono wake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile Mama Kaliza alisogea ukutani, akasoma mstari ule polepole, midomo inatembea, akiufuatisha kwa kidole cha kati. Safari hii midomo haikusimama popote. Akausoma tena. Alilia, na hakujificha. Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, ukiwa bado na utepe, vidole vimemvimba.

"Nifungue sasa, Njeri," akasema. "Mchezo umekwisha."